Khukuri ya Ami na jina lililochongwa juu yake

Mwishoni mwa mwaka 2022 UNESCO iliiandikisha hanjari ya Omani, pamoja na ufundi wa kuitengeneza, katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwa baraza letu dogo la wapenda visu hapa Maskati, habari ile ilipokewa kama harusi ya ndugu. Tukawa tunakutana kila Alhamisi usiku nyumbani kwa Ami, mwenyeji wetu, uani, maana majira yale hewa ya Maskati ni ya kukaa nje. Wenzangu wengi walizaliwa Unguja na Pemba, au wazazi wao ndio waliozaliwa huko. Mimi ni mtu wa Tanga niliyefuata kazi. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha kwanza, visu vikafuata.

Kila mtu alikuja na chake. Palikuwa na hanjari za Nizwa zenye ala za fedha, na za Kisaidi zenye pete saba, na moja kuukuu yenye mpini wa pembe ya kifaru ambayo mwenyewe haiuzi wala hataki kuulizwa bei. Macho yetu yalikwishazoea fedha. Ndiyo maana Ami alipofungua sanduku la mbao akatoa kisu kikubwa kilichovikwa ngozi nyeusi tupu, bila nakshi wala kito, watu wawili watatu walirudi kwenye kahawa yao.

Ilikuwa khukuri, kisu kizito chenye kombo, kutoka Nepal. Ami aliiagiza kwa mhunzi wa Dharan, mashariki ya nchi ile, kupitia mfanyabiashara mmoja wa Kathmandu, na walikuwa wakiandikiana kwa miezi kadhaa. Si kisu cha dukani cha kuuzia watalii. Kila kipimo alikichagua mwenyewe: ubapa wa inchi 11, mgongo mnene wa karibu milimita 10 pale unapoanzia mpini, na mifuo mitatu iliyochimbwa sambamba kando ya mgongo, mtindo ambao wenyewe huuita Tin Chirra. Mpini aliutaka mkubwa kuliko wa kawaida, kwa kuwa mipini ya Kinepali huwa midogo kwa viganja vya watu wengi. Na aliutaka wa mti wa sisau, si wa pembe ya nyati wa maji. Pembe hupendeza zaidi, lakini katika nyumba zetu zenye viyoyozi mchana na usiku hukauka ikapasuka.

Akaanza kuizungusha, mkono kwa mkono. Wa kwanza kuipokea aliikamata ala kiganja kizima, vidole vimezunguka mpaka upande wa makali, akataka kuvuta.

"Vidole, mwanangu, vidole!" Ami alimshika mkono. "Hii si hanjari. Ukivuta hivyo makali yanapita kwenye mshono wa ala yanakuja kwako. Shika upande wa mgongo."

Akatuonyesha: kidole gumba na vidole vingine vibane ubavuni na mgongoni mwa ala, kisha kisu kivutwe kwa kufuata kombo lake. Kikatoka taratibu. Ndipo wale waliorudi kwenye kahawa waliposogea tena.

Ilipofika mikononi mwangu, kitu cha kwanza nilichokihisi ni uzito, na mahali uzito ulipo. Hanjari imetulia kiunoni na hata mkononi hutulia. Khukuri uzito wake wote umekwenda mbele, kwenye tumbo la ubapa, kiasi kwamba mkono unataka kushuka wenyewe. Makali hayakunolewa bapa kama ya kisu cha jikoni, yamebinuka kidogo pande zote mbili ili yaingie kwenye gogo yasing'ang'anie humo. Karibu na mpini pana kile kipengo kidogo kilichokatwa kwenye makali, kaudi, kinachotia kila mgeni maswali. Wenyewe wana maelezo zaidi ya moja, wako wanaosema ni alama ya mungu Shiva na wako wanaosema ni kwato ya ng'ombe.

Niliona pia rangi mbili za chuma. Ukikigeuza kwenye mwanga, makali yana wingu jingine na mgongo wingu jingine. Chuma chenyewe ni springi ya lori, ile bapa inayobeba ekseli, ambayo wahunzi wa Nepal huipenda kwa ugumu na unyumbufu wake. Mhunzi akishaufua ubapa na kuuchoma mpaka uwe mwekundu, hautumbukizi wote majini. Huchukua birika akamimina maji polepole juu ya makali tu, huku na huko, jicho likisoma rangi. Makali yanakuwa magumu, mgongo na msuka vinabaki laini vya kumeza kishindo. Hakuna kipimajoto, hakuna saa. Kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa kuliko kufua fedha, na usiku ule nililisema hilo mbele ya watu wa fedha, tukabishana sana.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuishikilia kuliko zamu yangu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi lao kutoka India kuja kuuteka mji wetu kwa Wajerumani, wakashindwa, askari wa Kigurkha, yaani Wanepali, wa kikosi cha Kashmir Rifles walikuwa miongoni mwa wachache walioingia mjini hasa, wakafika mpaka jengo la forodha na hoteli ya Deutscher Kaiser kabla ya kurudishwa nyuma. Bibi alitusimulia vita vile kwa habari ya nyuki waliowavamia askari. Wanepali hakuwataja kamwe. Niliwasimulia wenzangu, na mmoja wao akadakia lile neno linalosemwa kila mahali, kwamba khukuri ikishachomolewa hairudi alani bila kuonja damu.

Ami hakumjibu. Aliielekeza taa kwenye ubapa, upande wa kushoto, chini ya mifuo. Palikuwa na maandishi madogo ya Kidevanagari, herufi za Kinepali, yaliyochongwa kwa patasi.

"Hili ndilo nililoligharamia zaidi," alisema. "Yule wa Kathmandu aliniuliza nichongewe jina langu, kama wafanyavyo wateja wake. Nikamwambia hapana. Hanjari ya Nizwa naijua imetoka mkono wa nani. Na hii nataka jina la aliyeifua, kwa herufi zake mwenyewe."

Jina lipo, wa kulisoma hakuna. Ami akapiga simu kwa bawabu wa jengo la jirani, kijana wa Kinepali, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha. Akaja na kandambili, akasalimia, akakataa kiti mara mbili kabla ya kukaa. Alizungumza Kiarabu cha kazini, Ami akawa anatutafsiria.

Alipopewa khukuri aliigusisha kwanza kwenye paji la uso. Halafu akasoma jina la kwanza, ambalo nalihifadhi, na la pili akalisoma polepole: Bishwakarma. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na mimi ni Bishwakarma."

Ami alifurahi, akadhani amempatia ndugu wa mhunzi wake. Kijana akatikisa kichwa. Si ndugu, ni tabaka. Jina hilo ni la mungu wa mafundi, na familia nyingi za wahunzi, watu wanaoitwa Kami, hulichukua kuwa la ukoo. Baba yake ni mhunzi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bhojpur. Mwaka mzima huwatengenezea wakulima mundu, majembe na khukuri, na wakati wa mavuno wao humlipa nafaka. Wakati wa sikukuu ya Dashain kila nyumba huziosha khukuri zao na kuziabudu, visu vilivyotoka kwenye fuawe ya baba yake, lakini yako majumba ambayo baba yake haruhusiwi kuvuka kizingiti.

"Maji ya baba yangu yanafaa kwa chuma," alisema. "Kwa kinywa cha mtu hayafai."

Baadaye nilisoma zaidi. Kanuni ya sheria ya Nepal ya mwaka 1854 iliwataja waziwazi watu ambao maji waliyoyagusa hayanyweki, na wahunzi walikuwemo. Kanuni mpya ya mwaka 1963 iliufuta utaratibu huo kisheria, na mwaka 2011 ikaja sheria ya kuwaadhibu wanaoendelea nao. Desturi haikutii haraka. Na sisi tusijifanye hatuyajui haya: Wamaasai wana wahunzi wao, Ilkunono, wanaowafulia mikuki na simi, na wanaojiona watu wa ng'ombe hawakutaka kuoana nao. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na bado linaniuma, kwamba mkono unaoheshimiwa unapokuwa na silaha unaweza kukataa chakula cha mkono ulioifua.

Yule mwenzetu aliyetaja damu akaona aibu kidogo, lakini akauliza tu kama neno lile ni kweli. Kijana akacheka kwa mara ya kwanza. Mama yake huchomoa khukuri kila asubuhi kukata vitunguu na kuni, alisema. Kama sharti ni damu, asingebaki na kidole.

Ami akaagiza bua la kuti la mtende lililokuwa limekauka pembeni mwa ua. Hapo baraza likagawanyika. Kitu kipya cha thamani hivi, cha kuwekwa kabatini, unakipigaje kwenye mti? Mimi nilikuwa upande wa Ami. Kijana aliliegemeza bua kwenye jiwe, akasimama mguu nyuma, akalitupia pigo moja bila nguvu yoyote tuliyoiona. Likakatika mshazari. Akaugeuza ubapa kwenye taa, akapitisha ukucha kwenye makali kutafuta jeraha, hakuliona, akakichomoa chakmak, kile butu kati ya visu viwili vidogo vya nyuma ya ala, akayasawazisha makali kwa mipigo miwili mitatu. Karda, kile cha pili, akampa Ami amenyee chungwa.

Akairudisha alani, lakini hakuitoa mkononi. Aliigeuza ala, akaufuata mshono wa ngozi kwa kidole mpaka kwenye ncha ya shaba.

"Hii hakuifanya Kami," alisema. "Ngozi ni kazi ya Sarki. Na wao wanakataliwa kama sisi. Jina lake halipo."

Ami alivua miwani, akaitazama ile ngozi nyeusi ambayo usiku kucha hakuna aliyeisifu. Akachukua simu, akamtumia ujumbe yule mfanyabiashara wa Kathmandu palepale, tukimwona, kumuuliza ala ameishona nani. Jibu lilikuja mchana wa Ijumaa, jina kamili, kwa Kidevanagari. Alhamisi iliyofuata kijana alikuja na kalamu, akaliandika kwa mkono wake upande wa ndani wa ukanda, na Ami akampelekea fundi wa ngozi wa Nizwa alipigie muhuri wa moto ili lisifutike.