Nilivyochagua mfumo endeshi wa kuchezea gemu kwenye kompyuta ya zamani

Kompyuta yangu ya mezani ni Dell OptiPlex niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita. Fedha za korosho zilipoingia, niliiongezea kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4, ya aina fupi isiyohitaji waya wake wa umeme. Hapa nyumbani Chuno, mjini Mtwara, tunaitumia wawili: mimi kwa kazi zangu za ofisi na gemu za usiku, na mpwa wangu wa kidato cha tatu kwa gemu za wakati wowote atakaoruhusiwa. Ilikuwa na Windows 10, na sikuwahi kuufikiria mfumo wenyewe hadi tangazo lilipoanza kujitokeza kwenye skrini kwamba masasisho ya usalama yangekoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Fundi niliyemweleza habari hiyo alikuwa na jibu tayari: "Ilete tu kaka, nikupigie Windows 11." Kirasmi, Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha nane. Yeye alikusudia kuuruka ukaguzi huo na kuniwekea nakala isiyolipiwa. Nakala halali ya toleo la Home huuzwa dola 139 za Marekani, fedha ambayo mimi sikuwa tayari kuitoa kwa mashine ambayo mfumo wenyewe hauitambui. Nakala ya kuibia nayo sikuitaka, kwa sababu sijui aliyeichokonoa aliacha nini ndani yake, na kwenye mashine hiyohiyo huwa ninafungua akaunti yangu ya benki.

Likabaki suala la Linux, mfumo endeshi wa bure ambao si wa Microsoft, ambayo kwa miaka mingi niliihesabu kuwa ya watu wa seva. Kwa gemu dhana hiyo ilikuwa na msingi hadi mwaka 2018, Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, walipoingiza Proton ndani ya Steam. Proton imejengwa juu ya Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, na kazi yake ni kuifanya gemu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows idhani iko kwao: maagizo ya michoro ya Direct3D, ambayo ni ya Windows, yanageuzwa kuwa ya Vulkan, ambayo kadi inayaelewa hata chini ya Linux. Kwa hiyo sikuona faida ya kubishana ni mfumo upi ulio bora. Nilichukua karatasi nikaandika gemu tunazocheza kweli, siyo tunazotamani, nikapata nne: Euro Truck Simulator 2, Counter-Strike 2, GTA V na FC 25, ambayo ni ya mpira wa miguu.

Nilinunua diski ndogo ya SSD nikasakinisha humo Linux Mint 22, mojawapo ya aina za Linux, nikaiacha diski ya Windows kama ilivyo. Malori na Counter-Strike hazikuhitaji hata Proton, kwani zote mbili zina matoleo yake ya Linux. GTA V ndiyo iliyonitoa jasho. Ilikuwa tayari kwenye diski ya zamani, na kwa kuwa ina zaidi ya gigabaiti 100, niliielekeza Steam isome palepale. Nilibonyeza kitufe cha kucheza, kikageuka rangi kwa sekunde chache, kisha kikarudi kilivyokuwa, bila dirisha wala ujumbe wa kosa. Nilirudia jioni mbili nzima, nikakaribia kuamini kwamba fundi alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu: diski ile ilikuwa na mpangilio wa mafaili wa Windows uitwao NTFS, na Proton hutengeneza ndani ya folda zake viungo (njia za mkato za kufikia folda nyingine) vyenye majina kama "c:", ambayo Windows haiyakubali kwenye NTFS. Nilinakili folda ya gemu kwenda kwenye SSD yenye mpangilio wa ext4, ambao ni wa Linux, Steam ikakagua mafaili badala ya kuyapakua upya, na bando langu likasalimika. Gemu ilifunguka. Dakika za mwanzo ilikuwa inakwamakwama wakati programu za michoro zikiandaliwa, baadaye ikatulia, na kwa macho yangu sikuona tofauti na ilivyokuwa kwenye Windows.

Hiyo, hata hivyo, ni hadithi ya kucheza peke yako. Upande wa mtandaoni wa GTA V uliongezewa kizuia-udanganyifu cha BattlEye mwezi Septemba 2024, na tangu hapo haupatikani kwenye Linux, ingawa BattlEye yenyewe inaweza kufanya kazi na Proton pale mtengenezaji wa gemu anapoiruhusu. FC 25 ni ngumu zaidi, kwa kuwa kizuizi chake kinaingia hadi kwenye kiini cha Windows, mahali ambapo Proton haina cha kuigiza. Nilipomweleza mpwa wangu alinitazama kwa huruma. "Sasa njomba," akasema, kwa kuwa kwetu mjomba hubaki njomba hata kwa mtoto anayesoma, "kompyuta bila mpira ni ya nini?"

Sikuweza kumjibu, nikairudisha Windows 10 kwenye hesabu. Haikufa ile tarehe 14. Ilichokosa ni masasisho, na Microsoft wameweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao unaweza kuupata bila malipo ukiingia kwa akaunti yao na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Nilijiunga, nikaondoa humo kila kitu isipokuwa mpira. Benki, kazi za ofisi na gemu nyingine zote zimehamia Mint, ambayo pia hunionyesha ukubwa wa masasisho kabla sijayaruhusu. Nikiri kwamba Windows nayo ina sehemu ya kutangaza kuwa mtandao unapimwa. Mimi tu sikuwahi kuiwasha, nikawa ninalaumu bando.

Siku hizi mpwa wangu akiiwasha anabonyeza F12, anachagua diski ya pili na kuingia uwanjani. Asipobonyeza kitu, inafunguka Mint, naye anaendesha lori lake bila kuuliza liko kwenye mfumo gani. Oktoba 2026 ikifika nitamwambia achague kati ya FC na prosesa mpya, na prosesa hiyo ataichangia.