Siku moja maishani mwangu: bonde la kijani lisilo na nyasi

Saa kumi na moja alfajiri alamu inalia, naizima macho yakiwa bado yamefumba. Kwa wale wanaoniulizaga nafanya kazi gani hasa: napima hali ya ardhi ya umma, mkoa mzima, mbuga na mabonde na vichaka vyake, ili wanaoamua wajue wapi mifugo ipumzishwe, wapi barabara isipite.

Saa moja tuko njiani. Kuna bonde moja linanikosesha usingizi, kwenye ramani ya setilaiti ni kijani kiangazi chote wakati pande zote zimekauka, na bosi ameshaliandikia "hali nzuri". Mi nilinyamaza ila roho ilikataa.

Saa tatu na nusu tunafika, na kijani chenyewe ni Prosopis, yaani mathenge, mti wa miiba! Umetanda mpaka njia huioni. Asili yake Amerika, mizizi inazama chini sana, kiangazi kwake si kitu. Setilaiti inasoma mwanga tu, jani bichi linameza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, mwanga tusiouona, unachukua tofauti ya hizo mbili unagawa kwa jumla yake unapata namba kati ya -1 na 1, ikiwa kubwa basi hapo pana majani mabichi. Ya nani, haiulizi.

Basi tukatandaza tepu ya mita 50, kila nusu mita unashusha kijiti unataja kinachogusa, cha juu kwanza kisha cha chini, mara 100, kwa hiyo asilimia inajihesabu yenyewe. Mi naita mwenzangu anaandika: mathenge, udongo. Mathenge, udongo. Hakuna kitu, udongo. Nyasi tumezipata mara nne tu. Nikachukua kibonge cha udongo wa pale palipo wazi nikakitumbukiza kwenye maji kupima uimara wake, unatakiwa usubiri dakika 5 uone kama kitashikamana, hicho kilimumunyika hata saa sijaiangalia. (Huku nyuma draiva anabadilisha tairi, mwiba wa mathenge hauna adabu.)

Saa sita akapita mzee mmoja mfugaji. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, mnapima nini?" Nikamwonyesha ramani, akaiangalia weee, akacheka. "Aliyepaka hii rangi, yeye analisha nini hapa?" Akaeleza mbuzi wanavyokula maganda ya mathenge, mbegu inapita tumboni nzima inaenda kuota kwingine, kitu ambacho ningekihitaji kwenye ripoti tangu mwanzo na sikuwahi kuuliza mtu.

Saa tisa na nusu, ofisini. Bosi anauliza swali la haki kabisa: pikseli moja (kijimraba kimoja cha picha) ya setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30, tepu yako imekatiza mbili tatu tu, sasa unataka nibadilishe ramani ya mkoa? Nikamjibu hapana, tepu peke yake haitoshi. Ila nyasi zinachanua mvua ikinyesha zinafifia kiangazi, mathenge unabaki vilevile, kwa hiyo usiangalie picha moja, angalia pengo la kijani kati ya masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka. Picha za Landsat zipo tangu 1972 na tangu 2008 zote ni bure, ingawa za Landsat 7 kuanzia katikati ya 2003 zina michirizi mitupu baada ya kifaa chake kuharibika, nikajazia kwa Landsat 5. Nikaona bonde lilivyokuwa linapanda na kushuka zamani, halafu pengo likaanza kujifunga kutokea kando ya mto.

Saa kumi na mbili jioni nikamtumia ramani mpya, mabonde ya aina hiyo nimeyapaka zambarau, na orodha ya sehemu za kwenda kupima kwa tepu kabla mtu hajaruhusu mifugo mingine. Dakika mbili tu akajibu: "Sasa hii zambarau ni nzuri au mbaya?"

Nikasema ngoja nimjibu kesho, kwanza nitoe mwiba kwenye soli ya buti.