Kocha pekee mweusi

Juni 19, 2018 nilikuwa banda umiza na kaka yangu, Senegal ikiifunga Poland 2-1. Bao la pili sitalisahau: M'Baye Niang alikuwa nje akitibiwa, akaruhusiwa kurudi uwanjani, akaunasa mpira uliorudishwa nyuma na kumpita kipa.

Asubuhi nikafungua simu. Habari karibu zote nilizosoma zilianza na rangi ya kocha wa Senegal, Aliou Cissé, na rasta zake: kocha pekee mweusi kati ya 32 wa Kombe la Dunia. Ni kweli, na ilistahili kusemwa. Kilichoniuma ni kwamba ziliishia hapo. Nahodha wa Senegal ile ya 2002, na hakuna aliyegusa mbinu zake! Wala sikuona aliyeuliza kwa nini Nigeria, Morocco na Misri zilikwenda Urusi na makocha wa kigeni. Swali hilo linatuhusu sisi Waafrika wenyewe.

Qatar 2022, timu zote tano za Afrika ziliongozwa na makocha wa nchi zao. Walid Regragui alipoifikisha Morocco nusu fainali nilimpigia kaka. Tuliongelea ukuta wake wa ulinzi mpaka vocha ikaisha.