Kabla hujasaini kununua kiyoyozi kipya mwezi wa saba

Simu za kiangazi hapa Phoenix, Arizona, Marekani, karibu zote huanza vivyo hivyo: "Kaka, esi yangu imekufa." Nami huuliza maswali matatu. Feni ya nje inazunguka? Hapana. Kuna sauti yoyote? Inavuma. Ndani inapuliza? Inapuliza, lakini upepo wa moto. Nikishapata majibu hayo huwa nimeshajua kipuri cha kutoa kwenye gari kabla sijaweka ngazi. Mashine inayovuma huku feni ya nje imesimama mara nyingi haijafa. Kapasita, kile kipuri cha umeme kinachozipa mota nguvu ya kuanza, ndiyo iliyokwisha.

Naandika mapema, kabla joto halijapamba moto, kwa sababu kiangazi kikishaingia hakuna atakayenisikiliza. Nyumba ikifika nyuzi 36 usiku na watoto hawalali, mtu husaini karatasi yoyote anayowekewa mbele. Na wapo wanaolijua hilo vizuri sana.

Kazi hii niliisomea Mombasa, kwenye friji za hoteli na viyoyozi vya maofisini. Kule adui ni chumvi. Upepo wa bahari huyala mapezi ya alumini ya koili, yale mabomba yaliyokunjwa ya kupitishia gesi, mpaka ukiyagusa yanapukutika vidoleni. Hapa bahari iko mbali na hewa ni kavu, kwa hiyo kutu si tatizo kubwa. Kinachoua ni joto lenyewe, na vumbi. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, joto la mchana likifika nyuzi 43 za Selsiasi au kuzidi. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa siku 18, ya mwaka 1974. Na joto hilo hupimwa kivulini. Mashine za nyumba nyingi za hapa zinakaa juu ya paa, juani kutwa, na umeme wake umo ndani ya kisanduku cha bati. Kapasita inaishi humo.

Ni kopo dogo lenye vichwa vitatu juu, vimeandikwa C, HERM na FAN. Ubavuni utakuta namba kama 45/5, yaani maikrofaradi (kipimo cha nguvu yake) 45 za kuisaidia kompresa, ile mota inayosukuma gesi mabombani, na 5 za feni, halafu kiwango cha kupungua au kuzidi kinachokubalika, kwa kawaida asilimia 6. Joto likiendelea kuipika, namba hizo hushuka pole pole, mpaka siku moja mota haina nguvu ya kuanza. Kipuri chenyewe si ghali. Ukijumlisha fundi kuja, kupima na kufunga, unazungumzia mamia ya dola, si maelfu.

Kiangazi kilichopita mama mmoja mwenzetu, Mkongo wa Uvira, alinipigia kutoka Maryvale, upande wa magharibi wa jiji. Kampuni moja ilikuwa imeshamwachia karatasi ya dola 14,000, na mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka mingi. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, maana baada ya saa nne paa halishikiki. Bisibisi ukiiacha juani ukiishika tena lazima uitupe.

"Papa, walisema kompresa ilishakufa," aliniambia. "Na gazi ilishaisha. Eti mashine yote ni ya kutupa."

Nilizima umeme, nikafungua kisanduku. Kichwa cha kapasita kilikuwa kimevimba, hata mita haikuhitajika, ila nilipima ili nimpigie picha. Upande wa kompresa ulisoma 31 badala ya 45. Upande wa feni, sifuri. Kisha nikaipima kompresa yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyotangaziwa kifo. Kompresa ina vichwa vitatu. Unapima ukinzani kati ya kila viwili, na ikiwa nzima, zile namba mbili ndogo ukizijumlisha unapata ile kubwa. Zake zilijumlika sawasawa. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye bomba la shaba kuona kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi, yaani chuma chake cha nje, hakuna. Kompresa nzima kabisa. Kwenye kontakta, swichi ile inayoruka na kuita umeme, nilikuta sisimizi wameingia wakaungua kati ya sahani mbili, nikaibadilisha nayo.

Nilipowasha, feni ilishika mara moja. Tukasubiri kama robo saa, nikapima hewa inayoingia ndani ya mashine na inayotoka: 31 ikiingia, 20 ikitoka. Tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 ndiyo tunayoitafuta, kwa hiyo 11 ni afya njema. Gesi ilikuwa mahali pake. Mama alisimama chini ya tundu la hewa ameinua uso, hasemi kitu. Halafu akaniuliza, "Sasa wale walipima nini?"

Sikuwa na jibu la heshima. Ila ninajua mambo yanavyokwenda, kwa sababu nimewahi kufanya kazi mahali ambapo fundi alilipwa asilimia ya alichouza. Ukitengeneza, unapata mshahara wako wa saa. Ukiuza mashine, unapata bahasha. Kila Jumatatu majina ya waliouza yaliandikwa ubaoni, na ambaye hakuuza alijua kwamba wiki hiyo atapewa kazi za mbali. Fundi wa namna hiyo akipanda paa lako anatafuta kibandiko chenye mwaka wa mashine kabla hajatafuta ugonjwa. Wapo pia waaminifu wengi, na wengine walikuwa wenzangu humo humo.

Kwa hiyo mtu akikuambia mashine imekufa, mwombe namba. Kapasita imesoma ngapi, na ilipaswa kusoma ngapi? Kompresa imepimwa vipi? Na kwa kuwa wewe hupandi paani, mwambie apige picha mita ikiwa imeunganishwa. Fundi aliyepima hana shida kukuonyesha. Aliyekasirika kwa kuulizwa, mshukuru, mfungulie mlango. Pia kila kampuni ya kazi hii Arizona inatakiwa kuwa na leseni ya Registrar of Contractors, ofisi ya jimbo inayosajili wakandarasi. Leseni ya kazi za majumbani huitwa R-39, au CR-39 kama inafanya na majengo ya biashara. Unaikagua bure mtandaoni kwa dakika mbili.

Gesi nayo ina hadithi zake. Watu wameshazoea kuongezewa gesi kila mwaka, wanaona ni matunzo ya kawaida. Gesi haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kuna mahali inavuja. Anayekujazia kila mwezi wa tano bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile mara kwa mara.

Halafu kuna ile ya "gesi yako imepigwa marufuku". Ukweli ni huu. R-22, ya mashine za zamani, haitengenezwi wala haiingizwi tena Marekani tangu 1 Januari 2020. Iliyobaki ni ya kurejelezwa, na bei yake inauma. R-410A, iliyoko kwenye mashine nyingi zinazofanya kazi leo, ilizuiwa kutumika katika viyoyozi vipya vya majumbani vinavyotengenezwa kuanzia 1 Januari 2025. Mpya zinatumia R-454B au R-32, ambazo zinaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo mashine zake zina vitambuzi vya gesi ikivuja, na haziwekwi kwenye mashine ya 410A. Lakini hakuna aliyekukataza kuendelea na mashine yako ya 410A, wala kuitengeneza. Na yule anayekuharakisha uwahi punguzo la kodi la serikali kuu, lile la hadi dola 2,000 kwa pampu ya joto (kiyoyozi kinachoweza pia kupasha nyumba), mwambie lilikwisha 31 Desemba 2025.

Haya yote hayana maana kwamba usibadilishe kamwe. Kompresa iliyoungua kweli, umeme unakwenda kwenye bodi, kwenye mashine iliyokwisha dhamana: badilisha. Koili ya ndani inayovuja kwenye mashine ya R-22: badilisha, usitupe pesa. Mashine ya paani ya hapa ikipita miaka 12 au 15 inaelekea ukingoni, na yule mama wa Maryvale nilimwambia hivyo hivyo. Yake ni ya 2012. Nilichomnunulia ni muda wa kutafuta bei tatu mwezi wa kumi na moja, kreni za kupandisha mashine paani zikiwa hazina kazi na wauzaji wakiwa wapole.

Ukifika hapo, kitu kimoja nakuomba: usikubali kubwa zaidi kwa sababu tu ile ya zamani ilikuwa haipoozi vizuri. Ubaridi mdogo mara nyingi unatokana na njia za hewa zinazovuja darini, huko ambako ni tanuri, ama filta ambayo haijabadilishwa tangu sikukuu. Mashine iliyozidi nyumba huwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na kila kuwaka ni pigo kwa kompresa. Mwulize muuzaji kama amefanya hesabu iitwayo Manual J, inayoangalia madirisha, dari, na upande jua linapopiga. Akikuambia anakadiria kwa macho, na wewe kadiria malipo yake kwa macho.

Nyumba kuukuu za hapa bado zina kile kisanduku cha maji wanachokiita swamp cooler. Ni mtungi wa maji ule ule wa nyumbani, ulioongezewa feni: maji yanakauka, yanaondoka na joto. Mwezi wa tano na wa sita, hewa ikiwa kavu, kinafanya kazi nzuri kwa umeme kidogo sana, na mimi nakipenda. Lakini mvua za kiangazi zikikaribia (msimu wake unahesabiwa 15 Juni hadi 30 Septemba) unyevu unapanda, na kisanduku kinakuachia nyumba ya moto yenye shuka zilizoloa. Hapo usiniite nikitengeneze. Hakijaharibika.

Baridi? Ndiyo, ipo. Usiku wa Desemba na Januari unashuka mpaka nyuzi 5 au 6, na mtu aliyekulia Kigoma au Malindi anaona ni mwisho wa dunia. Mashine nyingi za hapa ni pampu za joto: valvu moja inageuza mwendo wa gesi, na kilichokuwa kikitoa joto nje sasa kinaliingiza ndani. Simu za msimu huo ni mbili tu. Moja, "inanuka moto", na mara nyingi ni vumbi la miezi tisa linaloungua juu ya waya za kupashia siku ya kwanza. Harufu ikipita saa moja, zima, niite. Ya pili, "inatoa moshi paani", alfajiri ya baridi kali. Ule ni mvuke. Koili ya nje imeshika barafu na mashine inajiyeyusha yenyewe.

Mlio wapangaji, na ni wengi wetu, hamna sababu ya kunilipa mimi kabla ya kumwandikia mwenye nyumba. Ndani ya jiji la Phoenix, nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi inatakiwa iweze kupoa mpaka Farenhaiti 82, kama Selsiasi 28, na yenye swamp cooler mpaka 86, yaani Selsiasi 30. Sheria ya Arizona nayo inautaja upoozaji pamoja na maji na umeme kama huduma za lazima, pale ambapo mashine imewekwa na hali ya hewa inadai. Andika, weka tarehe, piga picha ya kipimajoto ukutani. Maneno ya simu hayasimami popote. Wala usingoje kwa aibu, hasa ukiwa na mzee ndani. Mwaka ule wa 2023 kaunti yetu ya Maricopa iliandikisha vifo 645 vinavyohusiana na joto, na waliofia ndani ya nyumba, wengi wao mashine ilikuwepo. Ilikuwa haifanyi kazi.

La mwisho, kwa sababu naulizwa karibu kila wiki: mashine iliyotolewa kwenye paa la mtu, bado inawaka, inaweza kupakiwa kwenye kontena ipelekwe kwa shemeji Dodoma? Hapana. Umeme wa huku ni wa hezi 60, wa nyumbani ni 50. Mota iliyotengenezwa kwa 60, ukiipa 50 kwa volti zile zile, inazunguka polepole na kuvuta umeme mwingi kuliko inavyostahimili, inachemka. Isitoshe, nguvu zote hizo zilipangwa kupooza nyumba nzima kwa njia za hewa za darini ambazo shemeji hana. Mtumie pesa anunue kiyoyozi cha inverta cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza) kwa chumba anacholala, na amwambie fundi asiibane ile ya nje ukutani juu kabisa, maana vumbi la Dodoma litataka kuoshwa, na hakuna atakayepanda.