Ladha kwenye tumbaku ya kiko: shida sio resipe, shida ni maji

Wadau wa kiko, kuna kitu kimoja nataka tuelewane kabla hujanunua hata kichupa cha vanila. Watu wengi wanaoweka ladha kwenye tumbaku yao wenyewe nyumbani wakaishia kuitupa, resipe yao haikuwa na ubaya wowote, vanila ilikuwa vanila na ramu ilikuwa ramu, tatizo walivuta tumbaku iliyolowa. Mtu anamwaga ladha, anatikisa chupa, analaza usiku mmoja, asubuhi anajaza kiko. Hapo unavuta mvuke bwana, na mvuke wa moto ndo unaochoma ulimi, kiko kinazima kila saa, unawasha tena, unavuta kwa nguvu, moto unapanda na ile ladha uliyoihangaikia inaungua kabla haijafika mdomoni. Halafu unasema vanila haikukolea, unaongeza vanila nyingine, yaani unaongeza maji juu ya maji!

Kwa hiyo mimi mizani ndogo ya jikoni naiona muhimu kuliko kitu chochote kingine kwenye hii kazi. Ntaeleza kwa nini.

Viwandani ladha haiwekwi mara moja, inawekwa kwa awamu mbili. Ya kwanza wanaiita kesingi, hii ni ile sosi ya sukari, asali, molasesi, kakao au urukususu, inaingia ndani ya jani mapema, kwa joto, na kazi yake sio kunukia, kazi yake ni kulainisha ule ukali wa tumbaku yenyewe. Ya pili ni topingi, hii ndo ile harufu unayoisikia ukifungua kopo, vanila, ramu, wiski, cheri, na inawekwa mwisho kabisa jani likiwa limeshapoa, kwa sababu pombe na harufu nyepesi zikikutana na joto zinapaa zinaondoka. Ukielewa tofauti ya hizi mbili umeshamaliza nusu ya safari. Wengi wanaruka kesingi wanakimbilia topingi, ndo maana tumbaku inanukia vizuri kwenye chupa ila kwenye kiko inavutika kama tumbaku kavu tu isiyo na chochote.

Jani la kuanzia liwe aina ya tumbaku inayoitwa Burley. Hili linakaushwa kwa hewa taratibu, kwa hiyo sukari yake karibu yote inaisha wakati wa kukauka, linabaki jani lenye vitundu vidogo vilivyo wazi linalonywa sosi vizuri sana. Aina nyingine, Virginia, inakaushwa kwa joto, sukari inabaki ndani, yenyewe tayari ni tamu, ukiiongezea asali unatengeneza kitu cha kung'ata ulimi. Latakia, ile ya kufukizwa moshi, au Perique ya Louisiana inayogandamizwa kwenye mapipa ichachuke miezi na miezi, hizo naomba uziache kama zilivyo, watu wameshazifanyia kazi kubwa, kuzimwagia cheri ni kuzionea.

Sasa mizani. Chukua gramu 100 za Burley ambayo iko sawa kuvutika, yaani ukiminya kwa vidole inashikana kidogo halafu ikiachiwa inafunguka yenyewe. Andika huo uzito. Koroga asali gramu 10 na kakao ya unga isiyo na sukari gramu 2 kwenye maji ya moto mililita 20 hivi, kakao ichanganyike kabisa isibaki mabonge, nyunyiza kidogo kidogo huku unageuza majani kwa mkono mpaka kila jani limepata. Funga kwenye chupa ya kioo ikae usiku kucha ijinywee. Kesho yake tandaza kwenye trei, oveni chini ya nyuzi 100, mi napenda kama 90, geuzageuza, na hapa ndo mizani inakusaidia: ulianza na gramu 100, umeongeza asali na kakao gramu 12, kwa hiyo mizani ikisoma kama 110 au 112 yale maji uliyoweka yameshatoka na sosi imebaki. Hapo toa. Hakuna kubahatisha, hakuna kusema "naona kama imekauka". Asali inashika unyevu, vidole vinakudanganya, jani linakuwa na kaunato hata likiwa kavu. Mizani haidanganyi.

Ikishapoa kabisa ndo topingi. Kijiko cha chai kimoja cha ramu nyeusi kwa kila gramu 50 kinatosha, kwenye chupa ya spreyi ili kisambae. Vanila chukua ile iliyolowekwa kwenye pombe, sio sharubati ya vanila ya kuwekea kahawa, ile ni sukari na maji. Utaona kama ni kidogo mno, najua, utatamani kuongeza. Usiongeze. Funga, weka gizani wiki mbili au tatu, kwa sababu siku za kwanza utasikia pombe tu, baadaye ndo jani na ladha vinashikana. Kabla ya kuvuta acha wazi kidogo ile pombe iliyobaki itoke.

Na ukikuta ukungu kwenye chupa, hata kidoa kidogo cheupe chenye manyoya, tupa yote, usichambue.

Kuna vitu sitaki kabisa kuviona kwenye tumbaku ya mtu. Mafuta ya aina yoyote, hata yale ya kunukia ya karafuu au minti, hayachanganyiki na maji, yanakaa madoa madoa juu ya jani na mafuta kuingia mapafuni sio jambo la mchezo. Ladha za siagi nazo, zile zenye daisetili, kemikali inayoleta harufu ya siagi, zilishaharibu mapafu ya wafanyakazi wa kiwanda cha bisi kule Missouri, Marekani, kesi iliyojulikana mwaka 2000, na wale walikuwa wanavuta mvuke wake tu kazini. Tonka nayo, ile mbegu ya kunukia, inanukia kama vanila lakini ina kumarini, kitu ambacho Marekani ilikipiga marufuku kwenye chakula tangu 1954 kwa sababu ya ini. Maandishi ya "salama kwa kula" kwenye kichupa yanahusu tumbo, hayahusu kitu kinachochomwa moto. Na kwa vile tunaongea ukweli, tumbaku yenyewe hata bila ladha inaleta saratani ya kinywa, midomo na koo, kiko hakikuepushi na hilo, hakuna sosi ya kulibadilisha. Kama huvuti, usianze kwa sababu ya vanila.

Kiko chenyewe kitenge kimoja cha hizi tumbaku za ladha, mti wake unashika harufu, na cheri ikishaingia mle utaisikia kwenye kila tumbaku utakayoweka baadaye.

Chupa ziandike tarehe, jani gani, gramu za kila kitu, na neno TUMBAKU kwa herufi kubwa, halafu ziweke juu kabisa ambako mtoto hafiki, ikiwezekana kabati la kufuli. Chupa inayonukia asali na kakao mtoto ataona ni kitu cha kula, na nikotini ikimezwa ni sumu.