Nyoka wa kijani juu ya mkorosho: usikariri kichwa cha pembetatu

Kila msimu wa kusafisha mashamba ukifika huku kwetu kusini mwa Tanzania, Tandahimba mpaka Ruangwa, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za nyoka na swali ni lile lile, huyu ana sumu au hana? Na lazima atokee mtu aandike, angalia kichwa, kikiwa cha pembetatu na mboni ya mstari basi ana sumu. Jamani, kanuni hiyo inafaa Marekani, ambako nyoka wengi wenye sumu ni wa jamii ya kifutu, huku kwetu itaua mtu. Koboko, swila na grini mamba hawana kichwa cha pembetatu na mboni zao ni duara kabisa, wakati nyoka mla mayai, ambaye hana sumu hata tone, ana mboni ya mstari kama ya kifutu.

Wanaonisumbua zaidi ni wa kijani, maana ndo tunaoishi nao kwenye mikorosho, miembe na minazi. Grini mamba mkubwa anafika mita mbili hivi, kijani kimoja mwili mzima bila madoa, kichwa kirefu chembamba, na jicho ukilinganisha na kichwa ni dogo. Ukukwi hana madhara, ni mwembamba zaidi, mara nyingi hafiki hata mita moja na nusu, macho makubwa yenye rangi ya dhahabu kuzunguka mboni, na baadhi yao wana madoa meusi mgongoni. Kwa hiyo ukishaona jicho kubwa umepona? Hapana, kuna bumslangi, mwenye sumu kali. Huyo naye dume lake mara nyingi ni la kijani, jicho ndo kubwa kuliko wote, ila kichwa kifupi kimenona, na akikasirika anavimbisha shingo, na ukukwi naye anavimbisha vile vile! Ndo maana alama moja haitoshi, chukua jicho, urefu wa kichwa, madoa na unene wa mwili kwa pamoja, na ukibaki na wasiwasi mhesabu kuwa ana sumu na uondoke.

Hata wataalamu bumslangi kawapitia. Mwaka 1957 kule Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka hasa, aliletewa nyoka mdogo amtambue, akang'atwa kidole, akaona ni jambo dogo, kesho yake akafariki kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Sumu ya bumslangi inachelewa, mtu anakaa masaa anajiona mzima, na antivenomu yake, yaani dawa ya kupambana na sumu ya nyoka, ni ya peke yake, ile ya kawaida haimfai.

Kuna kingine ambacho watu wanakidharau sana, kinyoka cheusi kidogo kinachoishi ardhini, mvua zikianza unakikuta kinatembea usiku uani. Watoto wanakiita mnyoo. Kile meno yake yanachomoza pembeni bila hata kufungua mdomo, yaani ukimkamata nyuma ya kichwa kama wanavyofanya wale wa kwenye video amekuchoma tayari. Msikishike, kwa namna yoyote ile.

Wazee wa Newala wanamjua Ionides, yule Mwingereza waliyemwita Bwana Nyoka, alikuwa ofisa wanyamapori Liwale kisha akaishi Newala akikamata nyoka mpaka karibu na kifo chake 1968. Alikuwa anawashusha grini mamba mitini kwa fimbo ndefu yenye koleo nchani. Nchi yetu hii ni ya nyoka kweli kweli, na wengi wao wanatufaa, yule wa kahawia mwenye mistari miwili ya rangi iliyopauka kichwani anayeingia ndani ya nyumba anafuata panya tu, naumia sana nikiona kapigwa panga.

Sasa akikung'ata yeyote, usimfukuze ili umpeleke hospitali, wengi wanang'atwa mara ya pili hapo hapo. Piga picha kwa mbali kama inawezekana, vua pete na saa kabla hujavimba, usichanje, usifunge kamba, jiwe la nyoka haliondoi sumu. Laza mguu au mkono usichezecheze, tafuta bodaboda au gari, na mtu mmoja atangulie kupiga simu kituoni kuuliza kama antivenomu ipo, maana usiku kutoka kijijini mpaka hospitali ya Ligula au Ndanda ni mbali na ukifika sehemu hawana umepoteza saa nzima.