Nilivyodai fidia ya ajali ya boda hapa Dodoma bila kumlipa wakili hata mia

Mwaka jana mwezi wa nane, msimu wa zabibu, nilikuwa natoka Mpunguzi na ndoo zangu mbili nawahi soko la Sabasaba, nimepanda boda, tupo barabara ya Iringa gari ndogo ikatugonga kwa nyuma. Mguu wa kulia ukavunjika kwenye muundi, zabibu zote chini.

Dereva akashuka anatetemeka, dada naomba tuyamalize hapahapa, nakupa laki mbili uende hospitali. Yani nilitaka kupokea kwa yale maumivu. Aliyeniokoa ni kijana wa boda, akasema hapana dada yangu tusubiri trafiki, akapiga picha plet namba.

Kituoni nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari akaijaza, nikatoa kopi tatu maana kila ofisi inataka yake.

Sasa hapa ndo nataka mnielewe jamani. Mimi nilikuwa najua bima ya gari ni ya mwenye gari, kumbe hata ile bima ndogo (third party) kazi yake kisheria ni sisi tunaogongwa. Ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaona ina bima ya kampuni gani na inaisha lini, kwahiyo sikumtegemea dereva aniambie. Yeye alikiri kosa mahakamani akapigwa faini, ila kupata nakala ya hukumu, ripoti ya ajali na mchoro wa trafiki ilibidi niende mara tano na magongo yangu, nilichoka sana.

Kampuni ya bima ya lile gari ikanipa ofa ya laki tisa na fomu ya kusaini. Risiti tu za hospitali zilikuwa milioni moja na laki moja na miezi minne sijauza! Nikaisoma ile fomu taratibu, kuna mstari unasema sitadai tena chochote, nikawaambia naomba niende nayo nyumbani.

Nikaipeleka kwa mama mmoja msaidizi wa kisheria kata yetu, hawa wanatambulika na sheria ya 2017 na huduma ni bure. Akaniambia mwanangu usisaini kwa haraka, madai ya kuumizwa hivi una miaka 3 ya kwenda mahakamani. Tukaandika barua, tukaambatanisha risiti na daftari langu la mauzo, lile la kuandika nimeuza ndoo ngapi leo, hilo ndo lilionesha kipato nilichopoteza.

Mwezi ukapita kimya. Nikapeleka malalamiko TIRA, bahati nzuri makao makuu yapo hapahapa Dodoma, na baada ya hapo kampuni ndo ikanipigia yenyewe, tukakubaliana milioni tatu na laki nne, hapo nikasaini.

Nikarudisha hela ya kikoba, halafu nikamfuata yule kijana kijiweni kwake Nkuhungu. Hakuwa amedai kitu, hata matengenezo ya pikipiki alilipa mwenyewe. Wiki hii tunaandika barua yake.